Kabla hatujauliza tumeshika nafasi ya ngapi kisayansi, tujihesabu wenyewe

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Mtakwimu Mkuu wa Serikali

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara hapa Dar es Salaam. Sialikwi kwenye makongamano, na jina langu halionekani juu ya machapisho. Kazi yangu ni kuwasha mashine asubuhi, kukagua friji, kujua kitendanishi gani (kemikali ya kupimia) kinaisha muda wake mwezi ujao na nani kaazima pipeti bila kuandika daftarini. Nimeikalia kazi hii muda wa kutosha kuona viongozi wakija na kuondoka, na muda wote huo swali linaloulizwa kuhusu sayansi ya nchi hii limekuwa lilelile: tumeshika nafasi ya ngapi?

Naomba swali hilo tuliweke pembeni kwanza, maana liko jingine linalolitangulia. Nchi yetu haijui vizuri imesimama wapi katika sayansi na teknolojia kwa sababu haijihesabu kwa utaratibu wa kudumu. Tunasubiri wengine watuhesabu, tena kwa namba ambazo sisi wenyewe hatujawapelekea, kisha matokeo yakitoka tunashtuka.

Chukueni orodha inayotajwa kuliko zote, ile ya ubunifu duniani inayotolewa kila mwaka na Shirika la Miliki Bunifu Duniani (WIPO). Uswisi imekaa kileleni tangu mwaka 2011 na haionyeshi dalili ya kuondoka. Sisi mwaka 2020 tulikuwa wa 88. Mwaka 2023 tukawa wa 113. Ripoti ikitoka, makundi ya WhatsApp ya watu wa fani hii hujaa lawama siku mbili, kisha kimya mpaka mwaka unaofuata. Lakini ndani ya miaka hiyo mitatu, ni nini hasa kilichoporomoka hapa nchini kiasi cha kutushusha ngazi 25? Maabara zilifungwa? Wahandisi walihama kwa wingi? Orodha ile hujumlisha viashiria kama 80, kuanzia mikopo ya benki hadi hataza, yaani hati za kumiliki uvumbuzi. Baadhi ya viashiria hubadilishwa mwaka hadi mwaka, nchi huingia na kutoka, na penye pengo la takwimu hutumika namba ya zamani au kisanduku huachwa wazi. WIPO wenyewe huonya kwamba nafasi ya mwaka huu haipaswi kulinganishwa moja kwa moja na ya mwaka jana. Tatizo ni kwamba onyo huandikwa kurasa za ndani, na nafasi huandikwa kwenye vichwa vya habari.

Sisemi orodha hiyo ni ya uongo. Waandaaji wake wanafanya kazi yao kwa walichonacho. Ila mama anapompeleka mtoto kliniki, muuguzi humpima, huweka nukta kwenye kadi, na wote wawili hutazama kama mstari unapanda, umelala au unashuka. Hakuna muuguzi anayemwambia mama kuwa mwanawe ni wa 113 wilayani Kinondoni. Sisi hiyo kadi yenye nukta za kila mwezi hatuna. Tuna nukta mbili tatu zilizotawanyika, na kati yake weupe mtupu.

Angalieni kiashiria kilicho maarufu kuliko vyote, fedha za utafiti na maendeleo kama sehemu ya pato la taifa. Afrika ilianza kujiwekea lengo la asilimia 1 tangu Mpango Kazi wa Lagos wa mwaka 1980, na wakuu wa nchi wa Umoja wa Afrika wakalirudia miaka ya 2000. Namba yetu iliyozunguka kwa miaka mingi kwenye majedwali ya kimataifa ni ya mwaka 2013, ikisema tulitumia karibu nusu ya asilimia moja. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa ni wa kumaliza shule ya msingi. Majirani zetu wa Kenya nao walitajwa muda mrefu kwa asilimia 0.79, ambayo ni ya mwaka 2010. Watu wazima huketi na kujadiliana nani kamzidi nani kati ya Nairobi na Dar es Salaam, kila mmoja kashika picha ya utotoni.

Na hata hiyo nusu asilimia ina vituko vyake. Desemba 2014 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilibadili mwaka wa kizio wa pato la taifa, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kukokotoa pato hilo, na uchumi wetu ukaonekana mkubwa zaidi kwa karibu theluthi moja. Lilikuwa zoezi halali kabisa, na nchi nyingi hulifanya. Lakini ukigawanya fedha zilezile za utafiti kwa pato lililopanuka, asilimia inashuka papo hapo, wala hakuna mtafiti aliyepunguziwa hata shilingi. Mtakwimu Mkuu analijua hili kuliko mimi. Ningependa lijulikane pia kwa wanaoandaa hotuba.

Sasa niingie ndani ya maabara, maana huko ndiko namba zinakozaliwa.

Utaratibu wa kuhesabu utafiti ulitungwa mwaka 1963, wataalamu wa nchi wanachama wa OECD, jumuiya ya nchi tajiri, walipokutana Frascati, mji mdogo karibu na Roma. Mwongozo wao umefanyiwa marekebisho mara kadhaa; toleo la saba lilitoka mwaka 2015. Unaeleza kazi ipi ni utafiti na ipi siyo, nani ni mtafiti na nani ni msaidizi, shilingi ipi ihesabiwe na ipi iachwe. Ni mwongozo mzuri, na sipendekezi tutunge wetu wa kienyeji ili tuonekane bora. Lakini ulitungwa na watu ambao kwao mashine ikinunuliwa inafanya kazi.

Katika maabara moja ya umma hapa jijini, ambayo sitaitaja, kuna mashine ya PCR, ya kuzidisha vinasaba ili vipimike, iliyoletwa na mradi. Mradi ulipoisha, fedha za matengenezo ziliisha nao. Siku moja umeme ulikatika, uliporudi ukarudi kwa kishindo, bodi ikaungua. Walioitengeneza hawana wakala nchini; fundi wao lazima atoke nje, na nauli yake, hoteli na posho peke yake vinamaliza kasma nzima ya matengenezo ya idara kabla hajagusa bisibisi. Basi mashine imefunikwa kitenge, na juu yake pamebandikwa karatasi kwa selotepu: HAIFANYI KAZI, USIGUSE. Ubavuni ina namba ya mali ya Serikali iliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Kwenye daftari la mali hali yake imeandikwa “nzuri”, kwa sababu ukiandika “mbovu” unaanzisha safari ya barua, kamati na wakaguzi ambayo hakuna mwenye hamu ya kuianza.

Kwa mujibu wa mwongozo, gharama ya kifaa cha utafiti huingizwa yote mwaka kiliponunuliwa. Kwa hiyo mashine ile ilipandisha asilimia ya taifa mwaka ilipoingia. Kufa kwake hakukushusha chochote. Nchi mbili zinaweza kuwa na asilimia sawasawa, moja ikiwa na mashine zinazonguruma na nyingine ikiwa na mashine zilizovikwa vitenge, na jedwali lisijue tofauti yake. Hapa ndipo ningewaomba msimame kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine ya barua hii. Ikiwa mnataka kujua uwezo wa nchi kisayansi, ulizeni siku ngapi katika mwaka kila mashine kubwa ilifanya kazi, na kila iliposimama ilisimamishwa na nini: umeme, spea, kitendanishi kilichokwama bandarini, au fundi aliyestaafu bila kurithiwa. Hakuna dodoso nililowahi kuliona linalouliza hivyo.

Madodoso yenyewe nayajua, kwa sababu huwa yanashuka ngazi kwa ngazi. Yanapokewa na mkuu wa taasisi, yanakwenda kwa mkurugenzi wa utafiti, kwa mkuu wa idara, na mwisho yanatua kwa mtu mwenye ufunguo wa stoo. Kuna swali linalotaka kila mhadhiri aseme sehemu gani ya muda wake wa kazi ilikwenda kwenye utafiti. Ni swali la msingi sana: mtu anayefanya utafiti siku moja kati ya tano anahesabiwa kama moja ya tano ya mtafiti, na hapo ndipo hupatikana idadi ya watafiti kwa kila watu milioni moja, ambayo pamoja na ile asilimia ya pato la taifa ndizo kipimo cha Malengo ya Maendeleo Endelevu kwa upande wetu huu. Dunia kwa wastani ina zaidi ya watafiti elfu moja kwa kila watu milioni. Sisi hatujafika hata mia. Lakini mhadhiri mwenye darasa la mamia ya wanafunzi, anayesahihisha mitihani mpaka usiku na kukusanya data zake likizo, ataandika nini? Kila mahali nilipoona swali hilo likijibiwa, lilijibiwa kwa makadirio ya dakika tano, na idara nzima ikaandikiwa asilimia moja ileile. Kisha makadirio hayo yanasafiri hadi Montreal, kwenye Taasisi ya Takwimu ya UNESCO, yanapigwa hesabu, na kurudi kwetu yakiwa na desimali.

Na sisi mafundi? Mwongozo unatutambua kama kundi la pekee, lakini kwenye mijadala yetu hatutajwi. Nitawapa mfano mmoja mnaoujua nusu. Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari Magamba mwaka 1963, aliona maziwa ya moto ya kutengenezea aiskrimu yakiganda kabla ya yaliyopoa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wenzake wakamcheka. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala, na hadi leo wanafizikia duniani wanabishana kuhusu kinachoitwa athari ya Mpemba. Hiyo ndiyo nusu inayosimuliwa shuleni. Nusu ya pili imo ndani ya makala yenyewe. Osborne aliporudi chuoni alimpa fundi kijana wa maabara jaribio hilo alifanye. Fundi akarudi na jibu kwamba maji yaliyoanza na moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza kuwa wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Watu hucheka wakisoma hapo, nami nacheka. Lakini bila fundi huyo, ambaye jina lake halikuandikwa, swali la Mpemba lingebaki ukumbini. Ukihesabu machapisho unapata moja. Ukihesabu waandishi unapata wawili. Fundi na ile friji iliyokuwa ikifanya kazi siku hiyo havimo popote.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi, kwa kuwa jambo lenyewe liko wazi. Kwa takwimu za UNESCO za mwaka 2010, kiasi cha asilimia 42 ya fedha za utafiti Tanzania kilitoka nje ya nchi, na mchango wa kampuni binafsi haukufika hata asilimia 1. Yaani hata tukifikia lile lengo la Lagos, bado kuna swali la nani ameshika funguo. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi iliyoitegemea ilijua jibu ndani ya wiki. Kwa hiyo namba moja ya jumla haitoshi. Naomba itolewe ikiwa imegawanywa: kilichotoka Hazina, kilichotoka kwa wafadhili, kilichotoka viwandani. Na kile cha Hazina kigawanywe tena, kilichotengwa kwenye bajeti na kilichopokelewa kweli, maana sote tulio kwenye utumishi wa umma tunajua safu hizo mbili haziendi pamoja. Kuripoti zilizotengwa kana kwamba ndizo zilizotumika ni kujidanganya. Wenye maduka Kariakoo wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenye safu moja tu nalo halisaidii sana.

Nina hofu nyingine, na hii naisema kwa tahadhari kwa sababu inahusu jambo jema. Mwaka 2022 Wizara ilitangaza kutenga shilingi bilioni 1 za kuwatuza watafiti wetu watakaochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa, milioni 50 kwa chapisho. Nawapongeza, na waliotuzwa ni watu waliotoka jasho. Lakini China ilikuwa imepita njia hiyo kabla yetu kwa kiwango kikubwa zaidi, na mwezi Februari 2020 Serikali yake ikapiga marufuku kulipa fedha taslimu kwa machapisho, baada ya kuona watu wanaandika ili wahesabiwe. Faharasa za makala, yaani orodha zinazotumika kuhesabu machapisho, nazo zina historia yake. Ile ya kwanza kubwa ilitolewa mwaka 1964 na Eugene Garfield kule Philadelphia ili kumsaidia mtafiti ajue nani kamnukuu nani, haikuundwa kupanga mataifa mstari. Majarida yake yalikuwa ya huko kwao, kwa Kiingereza zaidi, na mpaka leo jarida linalochapishwa Morogoro au Dar es Salaam lina kazi ngumu kuingia humo. Na kwa kuwa sehemu kubwa sana ya machapisho yetu yanayohesabika yameandikwa pamoja na wageni, nafasi yetu hupanda au kushuka kutegemea kama mhesabuji kampa kila nchi chapisho zima au kaligawa vipande. Kando ya tuzo hiyo ya machapisho ningefurahi kuona nyingine, hata ya robo ya fedha hizo, kwa maabara ambayo mashine zake hazikusimama mwaka mzima. Nadhani ushindani ungekuwa mkali na wenye faida.

Ngoja nionyeshe jinsi kazi moja kubwa ya sayansi ya nchi hii inavyoonekana kwa miwani ya majedwali. Ifakara kuna kituo kilichoanzishwa miaka ya 1950 na Waswisi wa Basel wakiongozwa na Rudolf Geigy, na leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, ya Watanzania, yenye ofisi pia hapa Mikocheni. Katika miaka ya 1990 watafiti wake walisambaza vyandarua vyenye dawa wilaya za Kilombero na Ulanga kwa kuviuza kwa bei nafuu badala ya kugawa bure, kisha wakafuatilia watoto. Matokeo yalitoka mwaka 2001: kuishi kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne kulikuwa kumeboreka kwa asilimia 27. Mwaka 2004 nchi ikaanza Hati Punguzo, ile karatasi mama mjamzito aliyopewa kliniki akaenda nayo dukani kununua chandarua kwa fedha kidogo. Karibu na wakati huohuo kiwanda cha A to Z cha Arusha kilipokea teknolojia ya kampuni ya Sumitomo ya Japani na kuanza kutengeneza vyandarua ambavyo dawa yake imo ndani ya uzi wenyewe.

Sasa tujaze majedwali. Makala ya mwaka 2001 inagawanwa na nchi za waandishi wote. Fedha za utafiti zinaandikwa “kutoka nje”. Hataza ya uzi wenye dawa ni ya Wajapani. Uzalishaji wa Arusha unaingia kwenye takwimu za viwanda, na watoto waliopona wanaingia kwenye takwimu za Wizara ya Afya. Hati Punguzo, ambayo kwangu ndiyo sehemu ya kibunifu kuliko zote kwa sababu iliunganisha kliniki, duka na kiwanda, haina kisanduku. Kila kipande kimehesabiwa mahali pake, na hakuna jedwali hata moja ambalo mtu akilisoma ataona kwamba nchi hii iliuliza swali, ikalijibu, na ikalitumia jibu.

Kusini kuna mfano wenye sura kama hiyo. Korosho ilizalishwa tani kama 145,000 msimu wa 1973/74, ikaanguka hadi tani zipatazo 16,500 msimu wa 1986/87. Sababu zilikuwa nyingi, ikiwemo kuhamishwa kwa vijiji, bei, na ugonjwa wa ukungu wa mikorosho uitwao ubwiriunga. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kilifanya kazi ya miaka mingi juu ya unga wa salfa na miche ya kubebeshwa, na msimu wa 2017/18 mavuno yalivuka tani 300,000. Siwezi kusema sayansi pekee ndiyo iliyofanya hivyo; bei na masoko vilibadilika pia. Lakini mkulima wa Masasi anayejua lini apulizie salfa na kwa nini, huyo ni kipimo cha sayansi ya taifa, na tungeweza kumhesabu kwa urahisi kwa kuongeza maswali machache kwenye tafiti za kaya na kilimo ambazo Ofisi ya Takwimu inazifanya tayari: unatumia mbegu ipi, uliijuaje, nani alikufundisha.

Teknolojia ina pengo lake pia. Tafiti za ubunifu hufuata mwongozo wa Oslo, ndugu wa ule wa Frascati, ambao unashauri kuanza na kampuni zenye watu kumi na kuendelea. Nendeni Gerezani pale karibu na Kariakoo, muone mafundi watatu wakiunda mashine ya kukoboa au ya kukamua miwa kwa giaboksi ya gari bovu, wakirekebisha ukubwa wa puli mpaka mteja aridhike. Hawafiki kumi, hawana hataza, na wengine hata leseni yao ni ya jirani. Kwa mwongozo huo hawapo. Wako huko kwa maelfu, wanalisha mashine nchi nzima, na kwa takwimu za ubunifu ni hewa. Vilevile kufikia mwaka 2016 mitandao yetu mikubwa ya simu ilikuwa imeunganishwa, mtu wa mtandao mmoja anamtumia pesa wa mwingine moja kwa moja. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo duniani kufanya hivyo. Ni jambo la makubaliano, kanuni na programu. Hakuna aliyelisajili popote.

Waheshimiwa, mnaweza kuniambia kwamba haya yote yanahitaji fedha. Yanahitaji, lakini si nyingi kama mnavyodhani. Asilimia 1 ya pato la taifa leo ni zaidi ya shilingi trilioni 1.5, na hiyo siiombi kwenye barua hii. Naomba utafiti wa kila mwaka wa shughuli za sayansi na teknolojia, uwekwe kwenye kalenda ya Ofisi ya Takwimu kama inavyowekwa mfumuko wa bei, tarehe ikijulikana kabla, usitegemee mfadhili wala hisani ya mkurugenzi aliyepo. COSTECH ipo kisheria tangu mwaka 1986 na ilirithi kazi iliyoanza na Baraza la Utafiti mwaka 1968. Haihitaji kuundiwa chombo kingine. Dodoso lifupishwe, lijazwe na watu waliofundishwa kulijaza, na liwe na ukurasa wa mashine na mafundi. Majibu yatolewe kwa kila taasisi, pamoja na data ghafi, ili mwanafunzi wa Mlimani au mwandishi wa habari aweze kuyapiga hesabu upya na kutukosoa. Palipo na pengo paandikwe pengo. Wengine watajaribu kuficha mashine zao zilizovikwa vitenge, na mwaka wa kwanza namba zitakuwa za aibu. Naomba msizirekebishe.

Kuna sababu ya kufanya hivyo sasa. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025, imeitaja sayansi na teknolojia kuwa mojawapo ya vichocheo vya kutufikisha tunakotaka. Ikifika miaka ya 2030 mtu ataulizwa bungeni tumepiga hatua gani, naye atatafuta tulianzia wapi. Kama mwaka huu hautapimwa, hakuna atakayeweza kurudi nyuma kuupima.

Hotuba ya bajeti ya Wizara husomwa mwezi Mei. Naomba ile ijayo iambatane na jedwali moja tu la ukurasa mmoja: taasisi za umma za utafiti, mashine zake kubwa, ngapi zinafanya kazi siku hiyo, na fedha ngapi za matengenezo zilipokelewa. Sisi wa maabarani tunaweza kulijaza ndani ya wiki moja bila semina wala posho. Mkituma fomu, itumeni moja kwa moja kwa wenye funguo za stoo.

Wenu katika kazi,
Fundi sanifu wa maabara
Dar es Salaam